Kufunga atelaji ku gari ndogo, hapa hapa mu parseli

Jambo sana bandugu na badada. Leo tunafunga atelaji ku Toyota Vitz, ile chuma ya nyuma yenye inashikilia remorki (kagari ka kuvutwa nyuma), na tunaifunga hapa mu parseli. Unahitaji kriki (jeki), chandeli mbili (vyuma vya kushikilia gari ikiwa juu), perseze (mashini ya kutoboa), makle, na siku moja yenye haina mvua. Batu wengi hapa Goma wananiuliza hii kitu juu ya maji, mutu iko na gari yake ndogo, kila siku analipa chukudu (kile chombo cha mbao cha kusukuma) ama motari wamuletee bidon, na remorki ya kutengenezesha ku basudere anaweza kuilipa, basi anataka avute yeye mwenyewe. Ni wazo muzuri kabisa. Lakini barabara yetu ni mawe ya volkano, gari inaruka, remorki nayo inaruka nyuma, na kila mara inaruka inapiga palepale atelaji imefungwa ku gari. Juu ya ile njo minataka tuangalie sana pale, kuliko ule unene wa chuma wenye batu wanapenda kuonyesha.

Mbele ya kushika kle, tufanye hesabu. Fungua kitabu ya gari yako, tafuta uzito yenye inaruhusiwa kuvuta, juu kuna gari ndogo zingine kitabu inasema wazi usivute kitu, na kama yako iko vile basi simama hapo, usiende mbele na hii video. Kama inaruhusu, fuata ile namba. Ulaya kwa remorki yenye haina freni wanakubali isipite nusu ya uzito ya gari ikiwa tupu, na hata gari ikiwa kubwa aje isipite kilo 750. Gari ya kilo 1000, remorki pamoja na mzigo isipite 500. Sasa maji: bidon ya litre 20 ni kilo 20 bila kuhesabu bidon yenyewe. Remorki tupu tuseme kilo 130, ukipakia bidon 15 ni kilo 300 ya maji, jumla 430, uko sawa. Ukipakia 25 umepita, hata kama gari imetoka bila shida, juu shida inakuja wakati wa kusimama. Tena kumbuka Ziwa Kivu yenyewe iko mita 1460 juu ya bahari, motere yenye haina turbo imeshapoteza nguvu karibu 15 kwa mia hapa kwetu, na kutoka ku ziwa kuenda mitaa ya Ndosho ama Majengo ni kupanda tu.

Sasa atelaji yenyewe. Hapa niko na ya okazio (yenye imeshatumika), angalia hii plake ndogo (mudogo wangu, sogeza kamera karibu, ndiyo, hapo). Ukinunua angalia plake iko, juu atelaji bila plake hauwezi kujua ilitengenezwa kwa gari gani. Kuna S, hiyo ni kilo zenye remorki inaweza kukandamiza kwenda chini pale ku mpira wa chuma, ile kichwa ya duara yenye remorki inashika. Kuna D, hiyo ni nguvu ya kuvuta, kwa kilonewton. Hesabu yake: unazidisha uzito ya gari na ya remorki, kwa tani, unagawanya na jumla yao, unazidisha na 9.81. Gari yenye imepakiwa ni tani 1.35, remorki 0.45, inatoka karibu 3.3. Plake yangu inapita pale, niko salama.

Mpira nao uupime. Wa kawaida ni milimita 50, mara nyingi imeandikwa juu yake. Mu vipande za okazio zenye zinatoka Marekani utakuta wa 47.6 na wa 50.8, na kwa macho hauwezi kuona tofauti. Remorki ya 50 ukiiweka ku mpira wa 47.6 inaingia vizuri, inafunga, unafurahi, na ku shimo ya kwanza kubwa inaweza kuchomoka. Ku ule wa 50.8 yenyewe inakataa kufunga muzuri. Beba piekulisi (kile kipimo cha milimita) ukienda kununua.

Tuinue gari. Chomoa kwanza masi ya batri (ule upande wa minus). Weka mawe ku pine za mbele, freni ya mkono, vitesi ya kwanza. Udongo wetu si sawa, basi weka ubao munene chini ya kriki na chini ya chandeli. Bandugu, minawaomba sana: jiwe ya volkano isishike gari juu yako. Najua tunajengea nyumba na ile jiwe, lakini ile yenye iko na matundu-matundu inapasuka bila kukuambia, na kriki peke yake nayo inaweza kushuka. Chandeli, ama magogo manene ya mti yenye yamepangwa muzuri, na usukume gari na mkono mbele ya kuingia chini.

Parshoki (bampa) ya nyuma inatoka haraka: vis za mu nafasi ya pine, klipse za chini, zingine juu ukifungua kofre (buti), kisha unavuta pande zote mbili pole pole, mwenzako akishika. Panga vis mu sahani kwa kufuata ulivyozitoa. Nyuma ya parshoki utaona ile traverse ya chuma, atelaji zingine zinachukua nafasi yake, zingine zinaacha ibaki.

Hapa njo tunakawia. Gari ndogo kama hii haina shasi kama ya lori, bati yenyewe njo inabeba. Lakini kuna mifupa miwili, lonjero, moja kushoto moja kuume, inatoka nyuma inaenda mbele chini ya kofre. Gonga na nyundo ndogo: sakafu ya kofre inalia bati tupu, lonjero inalia nzito. Atelaji inashika lonjero tu. Ukifunga ku sakafu ile ya kuwekea pine ya sekuri, ama ku parshoki, ama ukisudere moja kwa moja ku bati, itavuta mwezi moja, miezi miwili, utaona bati inaanza kupasuka kama karatasi yenye imelowana. Kusudere ku lonjero pia mimi sikubali, moto inaharibu nguvu ya ile bati, inachoma rangi ya ndani kwenye brashi haifiki tena, na kutu inaanzia mule mule.

Mu lonjero za gari nyingi usine (kiwanda) ilishaacha matundu, zingine ziko na ekru ndani, zingine zimefunikwa na kaplasitiki kadogo. Tafuta kwanza hizo. Pandisha atelaji, muikamate batu wawili, tia bulo mbili na mkono tu bila kukaza, angalia kama mpira uko katikati ya gari, pima kushoto na kuume. Kama matundu yanakutana, Mungu akubariki, ruka hii sehemu ya kutoboa. Kama hayakutane, chora na kalamu, shusha atelaji, piga alama na puanso (chuma yenye ncha), toboa na meshi ya 5 kwanza, kisha 8, kisha ile ya mwisho, 12 na nusu kwa bulo ya 12. Usitoboe bila kujua nini iko ngambo ile: tangi ya esanse (petroli) na tuyo zake ziko karibu, na fili za umeme zinapita mule. Harufu ya esanse ikikuja, acha kila kitu, tafuta kwanza inatoka wapi. Ukimaliza, futa vipande za chuma, pakaa antiruyi mu kila tundu mpaka ndani, subiri ikauke. Mvua ya hapa haitakusubiri.

Kitu yenye mafundi wengi wanaruka: lonjero ni sanduku, ndani iko wazi. Ukipitisha bulo toka upande mpaka upande ukakaza, unaiponda, na bulo yenye imeponda bati haikazike tena milele. Ndani kunaingia tuyo ya chuma, entretoazi, yenye urefu sawa na upana wa ndani, bulo inapita mule, sasa unakaza chuma juu ya chuma. Na ku upande wa ekru weka plake ya milimita 5 ama 6, ipana, rondela moja kadogo haitoshi. Tena pale chuma zinagusana, kwangua ile goudron nyeusi na mastiki yote, acha rangi nyembamba tu, juu ile mastiki inajifinya polepole na bulo inalegea bila mutu kuifungua.

Bulo: angalia kichwa yake. Iandikwe 8.8, ama 10.9. Ile fimbo ya vis yenye wanauza kwa mita mu kinkayeri, bila namba, mara nyingi iko nusu ya nguvu ya 8.8, usiitie hapa. Ekru ziwe zile ziko na plasitiki ndani, mpya.

Kukaza sasa. Bulo ya 12, 8.8, inataka karibu newton-mita 80, ya 10 inataka 45 mpaka 50, lakini kama atelaji yako ilikuja na karatasi, fuata ya karatasi. Kama uko na kle dinamometriki (ile yenye inapima nguvu ya kukaza), muzuri sana. Kama hauna, niko na njia ya bulo ya 12 yenye mahesabu yake ni ya kweli: chukua kle ndefu, pima santimita 40 kutoka katikati ya bulo, weka alama, lalisha kle sawasawa kama meza, na pale ku alama nyonga bidon ya litre 20 yenye imejaa maji, pole pole, bila kuiachilia. Hiyo ni kilo karibu 20 na kidogo mara 9.81 mara mita 0.4, inatoka karibu newton-mita 80. Kama kle inashuka, rudisha juu, nyonga tena, mpaka ibaki imelala na bidon ikininginia. Hii inafanya kazi ku bulo zenye zinaingia kwa upande. Zile zinatoka chini kwenda juu, tumia mizani ya kunyonga, uvute kilo 16 ku nusu mita. Kaza kwa kupishana, kushoto, kuume, nyuma, mbele, isiwe upande moja mpaka mwisho.

Shusha gari, pakia batu na mzigo kama kawaida, pima toka chini mpaka katikati ya mpira: iwe kati ya santimita 35 na 42. Angalia eshapma (bomba ya moshi) haigusi atelaji.

Umeme. Prizi ni ya matundu saba, volti 12. Namba 1 ni klinyota (taa ya kukata kona) ya kushoto, fili ya njano. Namba 2 ni taa ya ukungu, bluu, kama remorki haina unaiacha tupu. Namba 3 ni masi, nyeupe. Namba 4 klinyota ya kuume, kijani. Namba 5 taa ya usiku ya kuume, kahawia. Namba 6 ni stop, nyekundu. Namba 7 taa ya usiku ya kushoto, nyeusi. Rudisha batri, ingia mu kofre nyuma ya taa, mwenzako awashe moja moja, wewe na testeri unaandika fili gani ni ya nini, usiamini rangi za gari juu Toyota haifuate rangi za prizi. Kisha chomoa masi tena, unganisha na etani (ile ya kuyeyusha na moto), funika na gaine (tuyo ndogo ya plasitiki). Kusokota fili na kufunga skoshi tu hapana, na hizi mitikisiko inaachana ndani ya siku chache. Masi iwe nene, milimita 2.5, zingine 1.5 inatosha, na masi uifunge ku bodi penye umekwangua rangi. Taa za remorki zikianza kuwaka kwa kuchanganyana, stop inawasha klinyota, usitafute mbali, karibu kila mara ni masi.

Stop mbili za gari za wati 21 zinakula ampere 3.5, ukiongeza za remorki ni 7. Angalia fizibo (fyuzi) ya stop pamoja na kila kitu kingine yenye inalisha. Ikikatika usitie kubwa zaidi, fili njo itaungua. Tia rele (swichi yenye inawashwa na umeme) yenye inachukua umeme wake ku batri, na fizibo yake karibu ya batri. Na kama gari yako iko na taa za LED ao kompyuta yenye kuchunga taa, nunua ile kaboiti ka remorki, usikate fili ovyo.

Kuunganisha: shusha mkono wa remorki juu ya mpira mpaka isikike imefunga, kisha inua ule mkono na kriki ndogo ya remorki, kama nyuma ya gari inainuka pamoja, imeshika. Minyororo miwili ipitishwe kwa kuvukana chini, ifungwe ku atelaji yenyewe, isifungwe ku shingo ya mpira, iwe mirefu ya kukata kona lakini isiburute. Upakie mzigo ili mbele ikandamize kidogo: kwa remorki ya kilo 430 tafuta kilo 22 mpaka 30 ku mpira, weka mizani ya kupimia batu chini ya ule mkono na utaona, na isipite S ya plake. Mzigo ikiwa nyuma sana, remorki inatikisa mkia na inapokonya gari usukani. Bidon ziwe zimejaa na zimefungwa na kamba, maji yenye inacheza inavuta remorki huku na huku.

Safari ya kwanza uende polepole, tupu kwanza, kisha na nusu ya mzigo. Ukirudi ingia chini tena na ile kle na bidon, rudilia bulo zote, juu chuma mpya zinajikalia. Weka alama ya rangi nyeupe kutoka ku ekru mpaka ku plake, siku alama ikiachana utajua imezunguka bila kupima. Kwa barabara zetu mimi napita pale chini kila mwezi. Prizi ifunike, vumbi nyeusi ya hapa inaingia kila mahali. Mpira upakae gresi, na upimie mara kwa mara na piekulisi: siku ukikuta 49, hiyo imeisha, nunua ingine.