Shairi la Askari Likiimbwa

Assalamu alaikum wazee wangu, nanyi vijana mliokaa chini kwa kukosa viti.

Sisi wa Mombasa hatusomi shairi kwa macho peke yake. Tungo za vita za Muyaka, malenga wetu wa kale, zilikaa vinywani mwa watu miaka mingi kabla ya kutiwa kwenye karatasi. Ndiyo maana leo nataka kuwasimulia habari za War Requiem, misa ya wafu wa vita aliyoitunga Mwingereza Benjamin Britten.

Mashairi yenyewe ni ya Wilfred Owen, askari aliyeuawa Ufaransa tarehe 4 Novemba 1918, umri wake miaka 25. Ilibaki wiki moja tu Vita vya Kwanza vya Dunia visimame. Simu ya maandishi ya kifo chake ilimfikia mamake siku ile ile ya kusherehekea amani.

Britten alichukua mashairi yake tisa, akayapachika katikati ya Kilatini cha misa. Kazi hiyo iliimbwa mara ya kwanza tarehe 30 Mei 1962 huko Coventry, katika kanisa jipya lililojengwa ubavuni mwa magofu ya lile lililopigwa mabomu na ndege za Wajerumani mwaka 1940. Mashairi waliyaimba wanaume wawili: Peter Pears, Mwingereza, na Dietrich Fischer-Dieskau, Mjerumani aliyewahi kuwa askari na mateka katika vita hivyo vya pili vya dunia.

Sasa nisikilizeni hapa. Karibu na mwisho, askari anajiona ametoroka vitani, ameshuka shimoni, na humo anakutana na adui ambaye yeye mwenyewe alimuua jana yake. Yule maiti anamwita rafiki! Hapo Britten amezinyamazisha ala karibu zote. Nyuzi zinashikilia sauti nyembamba, na mwimbaji anayafuata maneno, hafuati mapigo. Nilipolisikia mara ya kwanza nilisema: huku ni kughani. Hakujifunza kwetu, la. Ila neno likiwa zito, muziki huliachia njia. Siku ile Fischer-Dieskau alilia hata ikawa kazi kumwinua kitini.

Nikipita Barabara ya Jomo Kenyatta nikaiona sanamu ya shaba ya askari wetu wa vita vya 1914 hadi 1918, hunijia wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa, na wengi hawana kaburi linalojulikana. Shaba wanayo. Sauti ya kuwalilia iko wapi? Utenzi tunao, mizani nane kila kipande, kina cha mwisho kikishika kutoka ubeti hadi ubeti. Chombo ki tayari, nami nimeanza. Ubeti wa kwanza ni huu, na nitaughani, sitausoma:

Mzigo wake kichwani,
kaingia msituni,
hakurejea nyumbani,
jina halikuandikwa.