Madawati na Alama: Shule za Mkataba za New Orleans

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, na wazazi mliofika jioni hii,

Nimeombwa nizungumzie ufaulu na uandikishaji katika shule za umma za mkataba, nami nimechagua mji mmoja tu, New Orleans katika jimbo la Louisiana, kwa kuwa ndiko jambo hili lilikofikishwa mbali kuliko mji wowote mkubwa wa Marekani. Shule ya mkataba haitozi karo na hugharamiwa na kodi za wananchi, ila uendeshaji wake hukabidhiwa shirika lenye bodi yake kwa muda maalumu, na shirika lisipofikia matokeo yaliyokubaliwa, mkataba hauhuishwi. Sheria ya kwanza ya namna hii ilipitishwa katika jimbo la Minnesota mwaka 1991.

Kimbunga Katrina kilipoupiga mji huo tarehe 29 Agosti 2005, shule zake za umma zilikuwa na wanafunzi wapatao 65,000, na nyingi zilikuwa taabani kabla hata ya maji kuingia. Novemba ya mwaka huohuo bunge la jimbo lilipitisha sheria iliyozitoa shule nyingi mikononi mwa bodi ya shule ya mji na kuzikabidhi kwa chombo cha jimbo, Recovery School District, nacho hatimaye kikazigawa kwa mashirika. Wafanyakazi zaidi ya 7,000, wakiwemo maelfu ya walimu, waliachishwa kazi, na wengi wao walikuwa Wamarekani Weusi waliowafundisha wazazi na kisha watoto wa mitaa ileile. Nalitaja hili mapema kwa sababu hesabu ya ufaulu inayoliacha nje ni hesabu yenye pengo. Shule zilirudi chini ya bodi ya mji mwaka 2018, zikiwa bado na mikataba yake.

Je, watoto walifaulu zaidi? Ndiyo, na ni haki kulikiri. Watafiti wa Tulane University, wakiongozwa na mchumi Douglas Harris, waliulinganisha mji huo na wilaya nyingine za Louisiana zilizokumbwa na vimbunga, wakaona kuwa alama za mitihani zilipanda sana, na kwamba waliomaliza sekondari na kuingia chuo waliongezeka. Wapo waliosema kuwa alama zilipanda kwa sababu familia maskini hazikurudi. Watafiti hao walilipima hilo pia, wakakuta kwamba mabadiliko ya wakazi hayatoshi kueleza ongezeko lote. Sababu kubwa waliyoiona ni kufungwa kwa shule zilizofanya vibaya, au kukabidhiwa kwa waendeshaji wengine.

Hata hivyo, alama hizo hazisomeki vyema mpaka tujue ni nani aliyeketi darasani. Mwanzoni kila shule ilikuwa na fomu yake na siku yake ya usajili, na walimu wakuu kadhaa walikiri kwa watafiti kwamba walijua njia za kuwachagua watoto kimyakimya. Wazazi wa watoto wenye ulemavu walifungua kesi mwaka 2010, wakieleza kuwa watoto wao hukataliwa au hawapewi huduma wanazostahili, na makubaliano ya mahakama yakapatikana mwaka 2015. Katikati ya muda huo, mwaka 2012, ilianzishwa fomu moja ya pamoja: mzazi anazipanga shule kuanzia anayoipenda zaidi, kisha kompyuta hugawa nafasi kwa bahati nasibu, ikitoa kipaumbele, kwa mfano, kwa mtoto mwenye ndugu shuleni hapo. Kwa maoni yangu hilo ndilo tendo la haki kuliko yote yaliyofanyika katika mageuzi yale. Lakini bahati nasibu haijui umbali wa barabara, na mtoto wa miaka sita husimama kituoni gizani, begi mgongoni, akingoja basi litakalomvusha mji mzima.

Fedha nazo humfuata mwanafunzi. Jimbo huhesabu watoto Oktoba, kisha Februari. Darasa la watoto 25 likipoteza watatu, mshahara wa mwalimu haupungui, taa zinawaka vilevile, na basi linapita njia ileile; ruzuku tu ndiyo iliyopungua. Leo wanafunzi wa mji huo hawafiki 50,000, watoto wanaozaliwa wamepungua, na madawati yaliyo wazi yamezidi. Basi shule yaweza kufungwa kwa kukosa watoto ingawa alama zake ni nzuri, na mzazi aliyekwisha kuhamishiwa mtoto mara moja huanza kujaza fomu upya.

Mwaka 2024 bodi ya mji ilifungua shule inayoiendesha yenyewe, The Leah Chase School, baada ya miaka mitano ambayo kila shule iliyo chini yake iliendeshwa kwa mkataba. Sisemi kwamba mikataba imeshindwa. Ninaloliomba ni kwamba kila taarifa ya ufaulu ichapishe, kando ya alama, idadi ya watoto walioandikwa Oktoba, waliobaki Februari, na walikokwenda walioondoka.