Moli moja ya maji haijai ndoo

Habari za jioni wadogo zangu. Asanteni kwa kuja, najua wengi mmetoka vipindini sasa hivi na hamjatia kitu tumboni, kwa hiyo nitajitahidi nisiwaweke sana. Nimeombwa niongee na fesi yea kuhusu kusoma chuo, na mi nimechagua kuongelea kusoma kwa kumfundisha mwenzako, kwa sababu ndo kitu kilichonifanya niipende kemia mpaka leo naifundisha.

Nianzie fomu thrii. Nilikuwa bodingi, testi ya moli, kile kipimo cha kuhesabia chembe za kitu, nimepata 84, darasa zima linajua mi ndo kichwa cha kemia. Jioni wakati wa prepu rafiki yangu mmoja akanifuata nimwelekeze. Nikashika chaki nikaandika vilevile kama ticha alivyoandika, moli moja ya maji ni gramu 18, moli moja ina chembe 6.02 × 10²³, moli moja inachukua lita 22.4, nikapiga mstari chini, nikamuuliza umeelewa? Akatazama ubao weee, halafu akasema, "Hebu ngoja. Ndoo yetu ya kuchotea maji ni ya lita 20, si ndio? Ikijaa tunaitwika mpaka shingo inauma. Sasa hizo gramu 18 zinajaaje ndoo mpaka zinamwagika?"

Jamani, nilikuwa na 84 na sikuwa na jibu. Nilisimama pale na chaki mkononi, nikajaribu kusema sijui hiyo ni fomula tu, naye akaniangalia vile mtu anavyokuangalia akiwa anakuamini. Usiku ule nilirudi kwenye daftari langu, na nikakuta neno lipo, nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe: gesi. Hiyo 22.4 ni ya gesi, tena gesi ikiwa kwenye nyuzi 0 na presha ya kawaida ya hewa. Maji ya kunywa, gramu 18 ni mililita 18, yaani kijiko kimoja cha chakula na kidogo juu, basi. Lakini hayohayo ya kijikoni ukiyachemsha yakawa mvuke wa nyuzi 100, yanataka nafasi ya lita kama 30, chembe ni zilezile, idadi ileile, ila zimeachana mbali, katikati yake hakuna kitu. Hapo ndo nilipoelewa gesi ni nini, na kumbe nilikuwa nimejibu maswali ya gesi mwaka mzima bila kuiona hata siku moja!

Sasa angalieni, testi haikuweza kunikamata kwa sababu testi ilikuwa inaniuliza vitu vya kuingiza kwenye fomula. Rafiki yangu alinikamata kwa sababu yeye hakuwa anajua lipi linaulizwa na lipi haliulizwi, alikuwa na ndoo yake kichwani akataka hesabu iendane na ndoo. Ndo maana nawaambia, kwenye kufundishana mtu wa thamani kubwa ni yule asiyeelewa na anayethubutu kusema hajaelewa.

Kuna profesa wa fizikia pale Harvard, Marekani, anaitwa Eric Mazur. Miaka ya mwanzo ya 1990 alikuwa mwalimu anayesifiwa na wanafunzi wake, akawapa mtihani wa maswali mepesi ya kuelewa tu nguvu na mwendo, hesabu hamna, wakayumba. Akarudi darasani kuwaeleza swali moja, akaeleza, akaeleza tena, nyuso zikabaki zimekunjamana, mwisho akawaambia haya ongeeni wenyewe kwa wenyewe. Ndani ya dakika chache wakawa wameshalipata. Maelezo aliyotoa Mazur mi nayapenda sana: mwanafunzi aliyeelewa sasa hivi bado anakumbuka pale alipojikwaa, profesa aliyeelewa miaka 20 iliyopita ameshasahau kama pale palikuwa na kisiki. Sisi wa pwani tulioenda chuoni kusoma Kurani hili tuliliona zamani, mwalimu anamkabidhi mkubwa aliyemaliza juzi awashike wadogo wanaoanza alifu, na yule mkubwa anajua kabisa ni herufi gani zitawachanganya maana nayeye zilimchanganya.

Ila sasa diskasheni zetu za huku! Nazipita jioni pale kwenye vimbweta nasikitika. Watu saba, kichwa mmoja anaongea, sita wanaandika, mtu akiuliza anaambiwa hiyo haitoki kwenye UE, mtihani wa mwisho wa chuo, tusonge. Pale aliyesoma ni mmoja tu, yule anayeongea, wengine sita wamepata desa jingine, yaani noti za kukariri. Halafu ikija sapu, mtihani wa kurudia kwa aliyefeli, wanashangaa, mbona tulidiskasi wote.

Geuzeni. Topiki mpeni yule anayeiogopa, mpeni siku mbili kabla, aje asimame desa likiwa limefungwa. Kichwa wenu akae chini awe anauliza, na ajizuie kabisa kumalizia sentensi za mwenzake, hili najua ni gumu kwa vichwa lakini ajizuie. Hizo siku mbili zenyewe ni dawa, mwaka 2014 watafiti wa Washington University mjini St. Louis walitoa matokeo, watu walioambiwa wasome kwa sababu watafundisha walikumbuka zaidi na kwa mpangilio mzuri kuliko walioambiwa watapewa mtihani, na hata huko kufundisha kwenyewe hawakufundisha. Na mkibishana msipige kura, fungueni kitabu, maana kundi zima linaweza kukubaliana kosa na likatoka lina furaha.

Kuna aliyeniambia juzi, madam nikimfundisha atanipita. Mwanangu, A yake haipunguzi A yako. Yule rafiki yangu wa ndoo alinipita kwenye mtihani wa mwisho, na mpaka leo nikiandaa lekcha najiuliza yeye angeuliza nini hapa.

Haya, nimemaliza yangu. Naona mkono kule nyuma umenyooshwa tangu nilipotaja mvuke, mpeni maiki tafadhali.