Kopo Lenye Mistari

SALUM: Da Mwanahawa, tuanze kipindi na ile karatasi ya dawa ya Jumanne.

MWANAHAWA: Ya gemsitabini.

SALUM: Hiyohiyo. Limfoma kali ya seli B, saratani ya tezi, imerudi baada ya R-CHOP, mchanganyiko wa kwanza wa dawa wenye rituksimabu. Mgonjwa ameandikiwa GDP, yaani gemsitabini, deksamethasoni na sisplatini. Dozi ya gemsitabini ni sahihi: miligramu 1,000 kwa kila mita mraba ya mwili, siku ya 1 na ya 8. Ila dripu imeandikwa iingie kwa saa 2. Nikairudisha kwa daktari.

MWANAHAWA: Eleza kwa nini, maana wodini wengi tunaona dripu ya polepole ndiyo ya huruma.

SALUM: Kwa dawa hii ni kinyume. Gemsitabini haiui seli mpaka kimeng'enya cha ndani ya seli kiibadilishe, na kimeng'enya hicho kina kikomo cha kazi. Ikiingia kwa dakika 30, nyingi inavunjwa na kutolewa kabla haijabadilishwa. Ukiivuta saa 2, inayobadilishwa inaongezeka, na uboho unaotengeneza damu ndio unaoumia. Dozi ileile, chembe nyeupe na chembe sahani, zile za kugandisha damu, zinashuka zaidi. Dakika 30, basi. Ikipita 60 umeshampa sumu nyingine.

MWANAHAWA: Na kabla ya yote, tezi imekatwa kipande tena? Huku kwetu TB ya tezi inavimbisha shingo vilevile.

SALUM: Imekatwa. Na homa ya ini B imepimwa, kwa sababu rituksimabu inaweza kuiamsha. Sasa leo tumepanga mambo matatu: kuchagua kati ya michanganyiko ya dawa ICE, DHAP na GDP, kuvuna seli shina za kupandikiza, halafu mgonjwa asiyeweza kupandikizwa. La kwanza ni fupi. Utafiti wa CORAL wa mwaka 2010 ulilinganisha R-ICE na R-DHAP, yaani pamoja na rituksimabu: waliopata nafuu asilimia 63.5 kwa 62.8. Ule wa Kanada, LY.12, mwaka 2014, wagonjwa 619, ukalinganisha GDP na DHAP: asilimia 45.2 kwa 44.0. Nguvu ni moja, ila GDP ilikuwa na madhara machache na wagonjwa wake walilazwa mara chache zaidi. DHAP ina sisplatini miligramu 100 kwa mita mraba inayoingia saa 24 na sitarabini gramu 2 kwa mita mraba mara mbili. Hiyo lazima kitanda. GDP ina sisplatini miligramu 75 kwa mita mraba siku ya 1, na deksamethasoni miligramu 40 asubuhi, siku ya 1 hadi ya 4. Mzunguko siku 21.

MWANAHAWA: Umetaja sisplatini. Kopo liko wapi?

SALUM: Nilijua! Dakika ya nne tu.

MWANAHAWA: Lenye mistari ya mililita, si chupa ya maji iliyokatwa. Lita 1 ya dripu ya maji ya chumvi inatangulia, ndani yake potasiamu milimoli 20 na magnesiamu salfeti gramu 2. Inaenda saa 2. Kisha mgonjwa akojoe kwenye kopo, tusome. Mkojo haufiki mililita 100 kwa saa? Sisplatini inasubiri.

SALUM: Na sisplatini yenyewe inachanganywa na chumvi, kamwe si glukosi peke yake. Kloridi ndiyo inayoituliza. Ikikosekana dawa inaanza kubadilika ndani ya mfuko wa dripu.

MWANAHAWA: Baada yake lita nyingine. Na nyumbani anywe angalau lita 2 kwa siku.

SALUM: Asipewe diklofenaki ya maumivu wala jentamisini ya homa. Vyote viwili vinapiga figo zilezile zinazopigwa na sisplatini, na diklofenaki inauzwa kila duka la dawa. Kingine: deksamethasoni ya 40 imo tayari, msiongeze nyingine ya kuzuia kutapika. Ongezeni ondansetroni na olanzapini. Na kreatinini, kipimo cha damu cha figo, msiiamini kwa upofu. Aliyekonda, misuli imekwisha, kreatinini yake inaonekana nzuri huku figo zimechoka. Kokotoeni uchujaji wa figo.

MWANAHAWA: Ndiyo maana nasema mzunguko wa kwanza alazwe. Usiku mbili.

SALUM: Hapo hatukubaliani. Faida ya GDP ni kwamba anakuja asubuhi, anaondoka jioni. Ukimlaza umemweka karibu na vijidudu vya wodi, na kitanda umemnyima anayekihitaji.

MWANAHAWA: Kutapika kwa sisplatini kunarudi siku ya 2 na ya 3, kaka Salum. Siku hizo yuko kwenye basi, au kijijini. Anatapika, hanywi, figo zinakauka. Nani anapima mkojo?

SALUM: Anapewa kopo aende nalo.

MWANAHAWA: Kopo halimuiti daktari.

SALUM: Simu inamwita. Muuguzi anapiga siku ya 2, ya 3 na ya 5, maswali matatu: umekunywa kiasi gani, umekojoa kiasi gani, umetapika mara ngapi.

MWANAHAWA: Mtandao ukikosekana? Mimi sibadiliki: wa kwanza alazwe, ukipita salama, wa pili aende nyumbani.

SALUM: Na mimi nasema anayeishi mbali apangiwe pa kulala jirani na hospitali, si wodini.

MWANAHAWA: Nani analipia?

SALUM: Hilo sina jibu lake. Bado sikubali wodi.

MWANAHAWA: Wala mimi basi.

SALUM: Imebaki dakika moja na nusu. Seli shina hatujagusa.

MWANAHAWA: Wala asiyepandikizwa. Toa la siku ya 8 kwanza, watu wako na wagonjwa wiki hii.

SALUM: Siku ya 8 pimeni damu kabla dripu haijafunguliwa. Neutrofili, chembe nyeupe za kupambana na vijidudu, chini ya bilioni 0.5 kwa lita au chembe sahani chini ya bilioni 50 kwa lita, gemsitabini ya siku hiyo inaachwa, haisogezwi siku ya 10. Homa ya nyuzi 38 na zaidi, aje saa hiyohiyo, hata usiku.

MWANAHAWA: Na magnesiamu ipimwe tena kabla ya mzunguko wa pili.

SALUM: Ipimwe. Seli shina ni kipindi kijacho.

MWANAHAWA: Nitakuja na kopo.