Mto Uliotiwa Rangi

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Jioni hii nawaomba tuutazame mto mmoja tu: Tatsuta, ulioko Nara, Japani.

Kandokando yake kuna miti ya momiji. Jani lake ni dogo, limechanuka vidole, hata Wajapani hukifananisha nalo kiganja cha mtoto mchanga. Baridi ikianza, ukijani hufifia, wekundu hujitokeza, kisha majani hupukutika na maji huyachukua.

Katika karne ya 9, mshairi Ariwara no Narihira alisema kuwa hata enzi za miungu halikusikika jambo kama hili: maji ya Tatsuta kufungwafungwa na kutiwa wekundu. Lisikilizeni hilo neno, kufungwafungwa. Ni lugha ya watia rangi nguo! Kitambaa hufinywa, hukazwa uzi, huchovywa. Palipobanwa, rangi haiingii. Na wekundu anaoutaja, kurenai, hutoka kwenye ua la benibana, ambalo kwa macho ni la manjano. Huchumwa alfajiri, miiba yake ikiwa bado imelainishwa na umande. Manjano husuuzwa kwanza kwa maji. Wekundu hautoki mpaka utiwe maji ya majivu, kisha kitu kichachu ndicho huushikisha kwenye hariri.

Linalonigusa zaidi ni hili. Narihira hakulitunga shairi lile akiwa ukingoni mwa mto. Diwani ya Kokinshū inaeleza kuwa alikuwa mbele ya kiambaza cha kukunja kilichochorwa mto huo, nyumbani kwa mama wa mrithi wa kiti cha enzi. Picha ilizaa shairi, na shairi likaazima kazi ya mikono. Tangu hapo, kwa Mjapani, jani jekundu juu ya maji lina jina tayari.

Ndiyo maana mfinyanzi Ogata Kenzan (1663–1743) aliweza kuchora majani na mistari ya mkondo kwenye vyombo vya chakula bila kuandika neno, na kila mgeni mezani akajua ni Tatsuta.

Husimuliwa pia kwamba mchoraji Hokusai, akichora mbele ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, alivuta mkondo mpana wa buluu kwenye karatasi, akamchovya jogoo miguu katika rangi nyekundu, akamwachia apite juu yake. Kisha akainama, akasema: huu ndio mto Tatsuta.