Mlisheni Kwanza Eliya

(Mhadhara kwa wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa, Dodoma)

Mbukwenyi! Bwana Yesu asifiwe. Haya, kaeni. Wanaonifahamu wanajua ninakoelekea, na naona wengine wameshaanza kucheka: "Mzee anaturudisha kwa Eliya." Ndiyo, nawarudisha. Nitaacha siku mtakapoacha kumwambia mtumishi aliyechoka, "Ongeza maombi."

Ya nabii Eliya mlimani Karmeli mnayajua: moto, manabii 450 wa Baali, kisha mvua baada ya ukame. Sisi watu wa Ugogo hatuhitaji kufundishwa maana ya mvua baada ya ukame. Mimi nauliza yaliyofuata. Malkia Yezebeli anatuma mjumbe mmoja tu wa kumtishia maisha, na yule aliyewashinda mamia anakimbia mpaka Beer-sheba, anamwacha kijana wake pale, anaingia jangwani mwendo wa siku nzima, anaketi chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, na kuomba afe. Huyo si Mkristo wa Krismasi na Pasaka. Ni nabii!

Sasa hapo angefika mzee wa kanisa wa kwetu. Biblia kwapani, uso umekunjwa: "Mtumishi, imani imepungua. Kuna dhambi mahali." Angemfungisha siku tatu. Mtu ana njaa, anafungishwa! Malaika alimgusa tu, akamwambia inuka, ule. Mkate umeokwa juu ya makaa, maji yako kichwani pake. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Hapo ndipo wengi wenu mngekasirika: kala, kalala! Malaika alirudi mara ya pili, akamwamsha tena ale, maana safari ilikuwa kubwa mno kwake. Hamna neno hata moja la kukemea. Lile swali, "Unafanya nini hapa, Eliya?", linakuja kwenye mlima Horebu, baada ya kutembea siku 40 kwa nguvu za chakula kile. Mungu mwenyewe alingoja mtu ashibe ndipo akamhoji. Sisi haraka yetu ni ya nini?

Kuna mtu pale nyuma anasema moyoni, "Mchungaji, huko ni kulea uvivu." Ndugu yangu, mvivu hakati tamaa. Mvivu analala usingizi mnono, na kwenye harusi anafika wa kwanza. Anayekata tamaa ni yule aliyejitoa.

Mwangalieni mwinjilisti wa mtaa, huko Bahi au Chamwino. Ibada ni yake, wagonjwa ni wake, ugomvi wa kwaya ni wake. Mwezi wa kumi, upepo umebeba vumbi, anasukuma baiskeli mchangani kwenda kuzika, tairi la nyuma limefungwa mpira. Anarudi jioni, mama anamwambia unga umekwisha, kuna mlenda tu. Mvua ikikatika Februari na mtama ukanyauka, sadaka nayo inakatika. Lakini karatasi ya makisio ya sadaka kutoka juu haikatiki! Inafika vilevile, imepigwa mhuri. Siku akisema, "Siwezi tena," tunaitisha kikao cha kumjadili. Na kikaoni chai ipo, na maandazi. Tunakoroga sukari tukimjadili mtu ambaye kwake sukari hakuna.

"Mbona wamisionari walivumilia?" Hilo nalo nalijua, huwa halikosi. Walivumilia, tangu wale wa CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, walipofika Mpwapwa mwaka 1876, na wengine walifia huku. Siwapunguzii heshima. Ila walitumiwa fedha kutoka kwao, walikwenda likizo kwao, wakapumzika miezi, wakarudi. Mizigo yao ilibebwa vichwani na wapagazi ambao leo hatuwataji hata kwenye maombi. Mwinjilisti wako likizo yake iko wapi? Mpagazi wake nani?

La kwanza ndilo hilo: mlisheni. La pili nalipitia mbio. Eliya alilalamika kuwa amesalia peke yake. Akaambiwa wako 7,000 wasiompigia Baali magoti, kisha akapewa Elisha wa kumsaidia. Mtafutieni mtu Elisha. La tatu ni Marko, aliyewaacha akina Paulo njiani, na baadaye Paulo yuleyule akaagiza aletwe kwa kuwa anamfaa. Someni wenyewe Matendo 13 na 2 Timotheo 4, maana mwenyekiti ameanza kunikoholea. La nne basi, liacheni.

Na wewe uliyechoka, uliyekuja hapa na barua ya kuacha huduma mfukoni: ngoja. Barua hiyo usiipeleke leo. Kula, lala, omba ukiwa na nguvu za kuomba, halafu uisome tena kesho kukicha.

Wazee, kabla ya kwenda kula, kila mtaa uniletee karatasi: mwinjilisti wenu alipumzika lini mara ya mwisho, na nani alimshikia ibada. Msiniandikie "anaendelea vizuri katika Bwana." Nataka tarehe, na nataka jina.