Wiki Moja Hydra: Likizo ya Kimaridadi Kwenye Kisiwa Kisicho na Magari

KASSIM: Karibuni tena kwenye kipindi chetu. Mimi ni Kassim, nipo na dada yangu Nasra, na leo tunamjibu msikilizaji wetu wa Mwanza. Yeye na mkewe wanatimiza miaka 10 ya ndoa mwakani. Wamejiwekea akiba, wanataka wiki moja kwenye visiwa vya Ugiriki, na wanataka iwe safari yenye hadhi. Ametutumia ratiba yake: Santorini, Mykonos, Naxos, kisha Athens. Yote ndani ya siku 7.

NASRA: Kwanza hongera zao, Mungu awazidishie. Pili, kaka Kassim, ratiba hiyo tuipasue. Siku 7 ukizigawa visiwa vitatu, nusu yake utakaa bandarini unasubiri feri. Asubuhi unafunga begi, mchana uko kwenye foleni juani, jioni unatafuta chumba. Hakuna umaridadi hapo. Wachague kisiwa kimoja, wakae.

KASSIM: Santorini basi. Ndiyo picha iliyo kichwani mwa kila mtu, zile nyumba nyeupe juu ya jabali.

NASRA: Na ni pazuri kweli, sitabisha. Lile jabali ni ukingo wa volkano iliyolipuka zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, bahari ikaingia katikati. Ila Santorini ina wakazi wapatao 15,000 na inapokea wageni zaidi ya milioni 3 kwa mwaka. Jua linapotua pale kijiji cha Oia, vichochoro vinajaa mpaka huwezi kusogea. Mtu anayesherehekea miaka 10 ya ndoa asitumie akiba yake kusimama nyuma ya mabega ya watu.

KASSIM: Haya, wewe ungempeleka wapi?

NASRA: Hydra. Bila kusita.

KASSIM: Waeleze wasikilizaji, maana wengi hawajawahi kulisikia jina hilo.

NASRA: Hydra iko Ghuba ya Saronic, jirani kabisa na pwani ya Peloponnese, ile rasi kubwa ya kusini mwa Ugiriki. Ukipanda boti ya kasi kutoka Piraeus, bandari ya Athens, ni kati ya saa moja na nusu na saa mbili. Kisiwa kina watu kama 2,000. Na hakuna magari wala pikipiki. Yapo tu magari machache ya huduma, kama ya taka. Mizigo inabebwa na punda na baghala, yaani chotara wa punda na farasi, wanajipanga gatini pale boti inapofunga. Mliowahi kufika Lamu mnaujua utulivu huo, wa mji ambao sauti kubwa ni ya kwato na ya watu kusalimiana.

KASSIM: Na majumba yake? Nimeona picha, si zile nyumba nyeupe za duara.

NASRA: La, Hydra ni mji wa mawe, majumba makubwa ya kijivu yamepanda mlima kuzunguka bandari kama watu kwenye viti vya uwanja wa mpira. Yalijengwa na manahodha. Mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, wakati wa vita vya Napoleon, Waingereza walikuwa wameziba bandari za maadui wao, na manahodha wa Hydra wakawa wanapenya na shehena za nafaka. Walitajirika sana. Vita vya uhuru vya Ugiriki vilipoanza mwaka 1821, merikebu hizohizo za biashara ndizo zilizogeuzwa za kivita, na mmoja wa maamiri wakubwa wa vita vile, Andreas Miaoulis, alitoka Hydra. Jumba la Lazaros Koundouriotis, tajiri wa merikebu wa hapohapo, sasa ni makumbusho. Waende asubuhi, wapande taratibu, waone vyumba na ule mwonekano wa bandari kutoka juu.

KASSIM: Mimi hapo umenishawishi. Sasa lini? Ameandika mwezi Agosti.

NASRA: Agosti aiache. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu ya Kupalizwa kwa Bikira Maria, na kwa Wagiriki ni sikukuu kubwa mno. Athens nzima inahamia visiwani. Bei zinapanda, vyumba vinaisha, joto ni kali. Halafu Julai na Agosti ndiyo miezi ya meltemi, upepo wa kaskazini unaovuma Bahari ya Aegean, ile yenye visiwa vingi vya Ugiriki. Ukichachamaa, mamlaka za bandari zinazuia feri kuondoka, na ratiba yako imekwisha. Hydra imekingika zaidi kidogo kuliko visiwa vya katikati ya bahari kama Mykonos, lakini msimu ni uleule.

KASSIM: Kwa hiyo Mei?

NASRA: Mei ina maua na watu ni wachache. Lakini mimi ni mtu wa pwani, na maji ya Mei huko yana nyuzi 19 au 20. Kwa aliyezoea Bahari ya Hindi, hayo ni maji ya kutumbukiza miguu tu. Mwanzo wa Septemba bahari imeshapata joto la kiangazi kizima, inafika nyuzi 24 au 25, na shule zinakaribia kufunguliwa, kwa hiyo familia zimerudi makwao. Septemba ndiyo jibu langu.

KASSIM: Hata kama tarehe yenyewe ya ndoa ni Agosti?

NASRA: Tarehe yenyewe wapike pilau nyumbani na watoto. Safari isogezwe wiki chache. Nasema hivi kwa moyo kabisa, mwezi ndio unaobadilisha likizo kuliko nyota za hoteli.

KASSIM: Sawa. Tuje kwenye jambo linalowatoa watu jasho: viza.

NASRA: Viza ya Schengen, ile moja ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla ya kuondoka. Kwa safari ya Septemba waanze Machi kutafuta miadi, wasingoje Julai kila mtu anapokimbilia hapohapo. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari iwe na kinga ya angalau euro 30,000. Taarifa ya benki, barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo, tiketi, mahali pa kulala. Na ombi linapelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, kwa hiyo kama wanalala Ugiriki tu, ni Ugiriki.

KASSIM: Niongeze hapo. Hoteli wachukue ile inayoruhusu kufuta bila kulipa mpaka viza itoke. Nimeona watu wamelipa chumba chote kwanza, viza ikachelewa, pesa ikapotea.

NASRA: Haswa. Na kuna malipo mengine ambayo tovuti nyingi zinayaweka chini kabisa kwa maandishi madogo: ada ya mabadiliko ya tabianchi. Kuanzia Aprili hadi Oktoba, chumba cha hoteli ya nyota tano ni euro 15 kwa usiku, nyota nne euro 10, nyota tatu euro 5. Ni kwa chumba, si kwa mtu, na mara nyingi unailipa mapokezi. Usiku 7 kwenye nyota nne, tenga euro 70.

KASSIM: Kutoka Dar mpaka pale gatini, wapite wapi?

NASRA: Ethiopian kupitia Addis Ababa, Qatar kupitia Doha, Turkish kupitia Istanbul, zote zinafika Athens. Uwanjani wapande metro ya mstari wa 3, ule wa bluu. Tangu Oktoba 2022 unakwenda moja kwa moja hadi Piraeus bila kubadilisha. Wakichoka, wachukue teksi. Wahakikishe tu wameangalia boti ya mwisho ya siku. Ndege ikitua jioni, walale Athens, wavuke asubuhi. Kuingia Hydra asubuhi ni bora mara kumi kuliko kuingia usiku umechoka.

KASSIM: Na wakifika, chumba cha namna gani?

NASRA: Nyumba nyingi za wageni zipo ndani ya yale majumba ya zamani, au nyumba za mabaharia zilizokarabatiwa. Kuta nene, ua wenye mlimau, madirisha ya mbao. Ningetafuta hiyo kabla ya hoteli yenye bwawa. Lakini swali la kwanza kumwuliza mwenye nyumba ni hili: kutoka bandarini ni ngazi ngapi? Kisiwa ni mlima. Kuna nyumba nzuri sana ambayo utaipenda kwa mandhari yake na kuichukia kila unaporudi kutoka kununua maji.

KASSIM: Kwa hiyo mabegi matatu makubwa ya magurudumu...

NASRA: Ni adhabu. Magurudumu kwenye mawe yale hayaendi. Begi moja la wastani kila mtu, na lipande mgongoni mwa baghala kwa malipo mnayokubaliana kabla. Viatu viwe bapa na vyenye nyayo za kushika, mawe yamesuguliwa na miguu ya watu karne mbili, yanateleza.

KASSIM: Nguo je? Maana kila mgeni naona anavaa nyeupe na bluu.

NASRA: Na wote wanafanana! Mama huyu wa Mwanza afungashe kanga. Kweli kabisa. Kanga moja ufukweni, kanga hiyohiyo begani akiingia monasteri ya bandarini, ile yenye mnara wa saa, kwa sababu pale mabega na magoti yanafunikwa. Mume achukue kikoi. Jioni gauni la kitani lisilo na mambo mengi, shati la kitani kwa mume. Rangi za kanga mbele ya yale mawe ya kijivu, hakuna atakayewashinda.

KASSIM: Napenda hiyo. Kuogelea sasa. Nasikia Hydra haina mchanga.

NASRA: Ndiyo, na asiambiwe vinginevyo. Anayetaka mchanga mrefu aende Naxos, ndiko kwenyewe. Hydra unaogelea kutoka kwenye miamba. Pale Spilia, hatua chache kutoka bandarini, kuna ngazi zinaingia moja kwa moja baharini, maji masafi mpaka unaona kina. Vlychos kuna kokoto, unafika kwa miguu kwa njia ya pwani. Fukwe za Bisti na Agios Nikolaos ni mpaka upande boti. Wavae viatu vya maji.

KASSIM: Chakula tumalizie hapo, maana wasikilizaji wetu wengi ni Waislamu na wanauliza.

NASRA: Hapa nataka niwe wazi. Ile mishikaki inayoitwa souvlaki, na gyros, nyama inayochomwa ikizungushwa, mara nyingi ni nguruwe. Uliza kuku, sema kotopoulo. Kwa Mwislamu njia nyepesi kisiwani ni samaki na mboga, na havitakuwa vya kukosa raha. Pweza wa kuchoma na mafuta ya zeituni, samaki mzima, maharage makubwa ya mchuzi wa nyanya, saladi yenye jibini. Samaki mara nyingi anauzwa kwa kilo, kwa hiyo muombe mhudumu akuoneshe samaki mwenyewe na ampime mbele yako kabla hajaenda jikoni. Sahani ziwe katikati, mle pamoja. Na ukiona nyota ndogo pembeni ya jina kwenye orodha ya vyakula, mara nyingi maana yake kimetoka kwenye friza.

KASSIM: Saa za kula?

NASRA: Mchana saa nane au tisa, usiku kuanzia saa tatu. Ukienda saa kumi na mbili jioni utakula na viti vitupu. Baada ya chakula cha mchana mji unalala, nao walale. Wanunue amygdalota kwa kahawa ya jioni, vitamutamu vya lozi vya hapohapo Hydra.

KASSIM: Ratiba yako basi, kwa kifupi.

NASRA: Usiku 5 Hydra, usiku 2 Athens mwishoni. Acropolis, kile kilima chenye mahekalu ya kale, waikatie tiketi ya saa ya kwanza asubuhi kabla jua halijakaza. Kwa Hydra yenyewe nisingepanga kitu zaidi ya boti siku moja na jumba la Koundouriotis siku nyingine. Na usiku wa kuamkia ndege wasilale kisiwani hata kidogo, upepo ukisimamisha boti hakuna ndege itakayowasubiri.

KASSIM: Ndugu yetu wa Mwanza, umesikia. Ukishapata miadi ya viza tuandikie, utuambie na mama ameamua nini kuhusu kanga. Wiki ijayo tunazungumzia Zanzibar hadi Muscat. Mimi ni Kassim.

NASRA: Na mimi Nasra. Kwaherini.